Imekwisha au bado? Kufuatilia uongezaji wa haidrojeni kwa kromatografia

Kufuatilia mmenyuko kwa kromatografia ni kuchota sampuli ndogo kazi ikiwa bado inaendelea, kuzitenganisha kampaundi zilizomo, kisha kuangalia malighafi imebaki kiasi gani na zao limepatikana kiasi gani. Kwenye uongezaji wa haidrojeni, yaani kuitia haidrojeni kwenye bondi maradufu (pale atomi mbili za kaboni zimeungana mara mbili) hadi ibaki bondi moja ya kawaida, hatua hii haikwepeki, kwa sababu kwa macho huoni kitu: unga mweusi wa paladiamu juu ya kaboni, ambao ndio kichocheo, unazunguka ndani ya ethanoli, puto la haidrojeni limesimama juu ya chupa, basi. Muda ulioandikwa kwenye maelekezo nao si wa kuaminiwa sana, maana kichocheo cha kopo hili na cha kopo lile havina nguvu sawa.

Tuchukue kadanoli, ambayo watu wa Mtwara na Lindi wanaijua kwa chanzo chake: mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza vidole vya wabanguaji. Mafuta hayo yakipashwa moto, asidi ya anakadiki iliyomo hupoteza kaboni dayoksaidi na kuwa kadanoli. Hii ni fenoli, yaani pete ya benzini yenye kundi la haidroksili (OH), iliyo na mkia wa kaboni 15, na kwa kweli ni mchanganyiko: mkia mwingine hauna bondi maradufu hata moja, mwingine una moja, mwingine mbili, mwingine tatu. Haidrojeni inazifuta zote, na kilichokuwa mafuta kinakuwa kitu kigumu cheupe.

Kuchota sampuli kuna adabu yake. Haidrojeni hufukuzwa kwanza kwa naitrojeni, ndipo chupa ifunguliwe. Matone machache hupitishwa kwenye pipeti iliyozibwa pamba na selaiti (unga wa kuchujia) kidogo, ili paladiamu ibaki nyuma. Usiiache pamba hiyo ikauke mezani: paladiamu iliyokwisha kunywa haidrojeni ikikutana na hewa na mvuke wa ethanoli huwasha moto yenyewe. Ilowekwe maji mara moja.

Kipimo cha haraka ni kromatografia ya tabaka jembamba, ambayo maabara nzima huiita TLC. Kwenye bamba lililopakwa silika unadondosha matone matatu mstari mmoja: malighafi, sampuli ya mmenyuko, na katikati yake mchanganyiko wa yote mawili. Kiyeyushi kinapanda na kuyabeba. Kampaundi inayong'ang'ania silika inabaki chini. Tone la katikati wanafunzi wengi huliruka, ilhali ndilo linaloonyesha kama madoa mawili yaliyo karibu ni kitu kimoja au viwili.

Na hapa kadanoli inadanganya. Silika huishika fenoli kwa kundi lake la haidroksili, na kundi hilo halijaguswa, kwa hiyo malighafi na zao hupanda karibu sawa kabisa. Ukimulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 254, yote yanaonekana, kwa kuwa pete ya benzini ipo pale pale. Ukichovya kwenye permanganeti ya potasiamu, ambayo kwa kawaida hugundua bondi maradufu, fenoli yenyewe nayo inaoksidishwa na kutoa doa. Mtu anaweza kuamini siku nzima kwamba hakuna kilichotokea.

Dawa yake ni kulichovya bamba kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha na kulikausha gizani kabla ya kulitumia. Ayoni za fedha hushika bondi maradufu, hivyo mkia wenye bondi tatu unabaki chini, na usio na bondi hata moja unakwenda juu. Doa moja linagawanyika, na saa baada ya saa unaona ya chini yakififia.

Ukitaka kiasi, nenda kwenye kromatografia ya gesi. Hapo kila kampaundi hutokea kwenye grafu kama kilele, na eneo la kilele hicho linakadiria kiasi chake. Usishtuke kilele cha bondi moja kikipanda kabla ya kushuka: mikia ya bondi tatu na mbili hupitia hapo. Vilele vidogo vigeni pia si lazima viwe uchafu. Paladiamu huhamisha na kugeuza bondi kabla ya kuifuta. Ndiyo tabia ile ile iliyotuletea mafuta ya transi kwenye majarini.

Taa ya urujuanimno nayo haijapoteza kazi. Joto na shinikizo vikizidi, pete yenyewe huanza kupokea haidrojeni, na doa la kampaundi hiyo halionekani tena chini ya taa.

Sampuli mbili mfululizo zikionyesha zao peke yake, chuja. Vilele vikigoma kushuka huku malighafi ingali nyingi, kungoja hadi kesho hakusaidii. Puto ndilo la kukaguliwa kwanza, maana huvuja. Likiwa zima, pitisha naitrojeni na uongeze paladiamu mpya.