Maana ya ufikivu wa kidijitali, na kwa nini ufundishwe katika kozi ya kawaida

Ufikivu wa kidijitali ni kutengeneza faili, tovuti, programu au video kwa namna ambayo mtu asiyeona, kiziwi, mtu asiyeweza kushika kipanya au anayesoma kwa shida ataitumia mwenyewe. Hapo kwenye kutumia mwenyewe ndipo penye uzito. Bukavu hatukosi watu wema wa kumsomea mwenzao. Lakini mwanafunzi anayesomewa kila kitu hachagui saa ya kujifunza, anaona haya kuomba sentensi irudiwe mara ya tatu, na barua yake ya siri imeshasomwa na mwingine kabla yake.

Watu wengi hapa wakisikia ulemavu na shule, fikra zao zinakwenda moja kwa moja Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Bukavu, kama vile watu wa Goma wanavyofikiria kituo chao cha Shirika la Umoja. Vituo hivyo vinafanya kazi kubwa. Tatizo ni kudhani kwamba jambo lote linaishia huko. Mtoto akishapata mguu bandia anarudi kwenye shule ya mtaani kwake, na kijana asiyeona akifaulu sekondari atakutana na mafaili ya chuo yaliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba atayasoma.

Na anayasomaje? Kwa kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa. Simu nyingi za Android tayari zina TalkBack ndani yake. Kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. NVDA ni ya bure kabisa, na hata kwenye flashi inabebeka. Hakuna prefe, yaani mkuu wa shule, atakayeombwa dola za kuinunua.

Kisoma skrini kinasoma herufi. Sasa angalia safari ya kominike, yaani tangazo la shule. Sekretari anaiandika kwenye kompyuta, anaichapisha, prefe anatia sahihi na mhuri, kisha mtu anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Saa moja kabla ilikuwa maandishi safi ambayo simu yoyote yenye kisoma skrini ingeyatamka. Sasa ni picha, na mzazi asiyeona mara nyingi anaambiwa tu kwamba kuna picha. Kazi za nyumbani ni hivyo hivyo, pamoja na zile PDF za kozi zilizopitishwa kwenye skana. Dawa yake ni kubandika maandishi yenyewe chini ya picha. Mhuri unabaki, na kila mtu anasoma. Mambo mengi ya ufikivu ni madogo kama hilo, ndiyo maana inaniuma kuona hayafundishwi.

Vichwa vya habari navyo vinafaa kuelezwa. Mwanafunzi akikuza herufi na kuzikoleza, jicho linaona kichwa, lakini kompyuta haioni chochote. Akitumia mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word, msomaji wa NVDA anaweza kuruka kutoka sura hadi sura kwa kubonyeza herufi H. Bila hivyo, kozi ya kurasa 80 ni kama kupanda mtaa mzima wa Kadutu, ulioko mlimani hapa Bukavu, kwa miguu kila unapotafuta nyumba moja. Kuna pia lugha ya waraka. Sisi tunachanganya Kifaransa na Kiswahili katika faili moja, na programu isipoambiwa, itasoma Kiswahili kwa sauti ya Kifaransa: “chai” itatoka “she”. Kuweka alama ya lugha ni kazi ndogo mno, na bila alama hiyo ukurasa mzima unaharibika masikioni.

Si wasioona peke yao wanaohusika. Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, ikiwemo Okapi École ya Radio Okapi. Ilikuwa juhudi nzuri, lakini mtoto kiziwi hakupata somo lolote hewani. Video yenye manukuu au mkalimani wa lugha ya ishara ingemfikia. Hata somo lililoandikwa tu lingemsaidia.

Vipimo vipo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti uitwao WCAG ulitoka mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Unataka maudhui yaweze kutambuliwa kwa hisi, yaendesheke, yaeleweke, na yafanye kazi kwenye vyombo tofauti. Mwangaza wa maandishi ya kawaida upishane na ule wa rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Atakayeshukuru ni pamoja na mtu mwenye macho mazima anayesoma simu juani.

Sheria nayo ipo. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki hizo.

Basi mahali pa kufundisha ni wapi? Ni pale wanapofundishwa watakaoandika mafaili: sehemu ya pedagojia, kozi za enformatiki na usekretari, vyuo vya ualimu kama ISP. Nisingependa liwe somo la pembeni la kuoneana huruma. Zoezi la kuwafunga wanafunzi macho kwa nusu saa, kwa maoni yangu, linawaachia hofu ya upofu kuliko ujuzi. Afadhali wawashe TalkBack, wafungue faili waliyoiandika wao, wasikilize inapokwama, warekebishe. Kompyuta zikiwa chache na umeme ukikatika, simu moja yenye chaji inatosha kundi zima. Mtu asiyeona aalikwe kupima kazi zao, naye alipwe kama mwalimu mwingine yeyote.

Kisha ziwepo pointi. Waraka usio na vichwa halisi, wenye picha zisizo na maelezo ya maandishi, upunguziwe maksi sawasawa na wenye makosa ya tahajia, kuanzia zoezi la kwanza la mwaka.