Kofia Ngumu ya Mlinda Wiketi: Ni Nini, na Huchaguliwa kwa Kuangalia Nini

Mlinda wiketi katika mchezo wa kriketi ni yule mchezaji wa timu inayorusha mpira anayekaa nyuma ya nguzo tatu za wiketi, upande alipo mpigaji, ili adake kila mpira unaopita. Miongoni mwa wadakaji wote, kanuni zinamruhusu yeye peke yake kuvaa glavu na kinga za miguu juu ya nguo. Kofia ngumu anayoivaa ni gamba lililowekwa sponji nzito ndani, lenye ukanda wa kidevu na kizuizi cha vyuma mbele ya uso, nayo hutengenezwa kwa ajili ya hatari moja mahususi: kitu kidogo, kigumu na chenye kasi kinachofika usoni kabla mtu hajapata muda wa kukwepa.

Mara nyingi kitu hicho ni mpira wenyewe, ambao kwa wanaume huwa na uzito wa gramu 156 hadi 163 na mzingo wa sentimita 22.4 hadi 22.9, ukiwa umeshonewa ngozi juu ya kiini cha koki na uzi. Mrushaji wa kasi anapokuwa kazini, mlinda wiketi husimama mbali nyuma na hupata muda wa kuuona mpira ukija. Mambo hubadilika anaporusha mtu wa spini, yaani anayeurusha mpira polepole huku akiuzungusha, kwa kuwa hapo mlinda wiketi husogea hadi karibu kabisa na nguzo, akichuchumaa, ili aangushe beli, vile vijiti vinavyolazwa juu ya nguzo, mara tu mpigaji anapovuka mstari wake. Mpira ukigusa ukingo wa gongo la mpigaji hubadili njia ukiwa umebakiza hatua chache tu kufika usoni. Kwa viwanja vya shule hapa Tabora, ambako ardhi ya kiangazi hukauka na kupasuka, kuna sababu nyingine ya kuwa na hadhari: mpira uleule unaweza kudunda chini mara moja na kuruka hadi kidevuni mara inayofuata, bila kosa la mtu yeyote.

Beli nazo zinahitaji kutajwa peke yake. Hizi ni vipande viwili vya mti vilivyolazwa juu ya nguzo, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 11, na wiketi inapopigwa huruka kuelekea aliko mlinda wiketi. Mwezi Julai 2012, katika mji wa Taunton nchini Uingereza, beli moja ilimpiga jichoni Mark Boucher wa Afrika Kusini aliyekuwa amesimama karibu na nguzo bila kofia ngumu, baada ya mrushaji mwenzake, Imran Tahir, kumtoa mpigaji. Boucher alikuwa amecheza mechi 147 za Test, yaani mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa, na hakurudi tena kucheza kriketi ya kimataifa. Paul Downton wa Uingereza naye aliumizwa jicho na beli mwaka 1990, na jeraha hilo likamlazimu kuacha mchezo. Tangu mwaka 2016, Bodi ya Kriketi ya Uingereza na Wales imewataka walinda wiketi wa kulipwa kuvaa kofia ngumu kila wanaposimama karibu na nguzo, na kwa vijana walio chini ya miaka 18 sharti hilo lilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo.

Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kukagua, kabla ya bei na kabla ya rangi, ni nafasi iliyopo kati ya ukingo wa mbele wa kofia na chuma cha juu cha kizuizi. Kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 7928:2013 kilikuja kupima jambo hilohilo, kwa kurusha mpira kuelekea usoni na kuangalia kama unapenya au unakisukuma kile kizuizi hadi kugusa uso. Vipimo hivyo hufanywa kwa mpira wa wanaume na kwa mpira wa watoto, ambao ni mdogo zaidi, na lebo iliyo ndani ya kofia hueleza ni upi uliotumika. Mwalimu anayepokea kofia kutoka Dar es Salaam, hasa zilizokwisha kutumika, asome lebo hiyo, kwa sababu nafasi inayouzuia mpira wa mtu mzima inaweza kuupitisha ule wa mtoto. Mpira wa wanawake una ukubwa wa katikati, hivyo wasichana wanafaa kupewa kofia iliyopimwa kwa mipira yote miwili. Ikumbukwe pia kwamba beli ni nyembamba kuliko mpira wowote; ndiyo maana kizuizi chenye vyuma vilivyokaribiana kinafaa zaidi kwa kazi hii.

Ipo pia kinga ya uso peke yake, isiyo na gamba, ambayo ina kiwango chake, BS 7929-2:2009. Ni nyepesi na haileti joto, lakini huacha utosi na kisogo wazi. Kwa mtoto anayejifunza, mimi nisingeichagua.

Kofia ya bodaboda, ambayo ndiyo rahisi kuipata katika maduka ya mjini, haifai hata kidogo. Imetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachogonga barabara, huziba masikio, hupunguza upeo wa macho, na kioo chake hakikukusudiwa kupokea mpira wa kriketi.

Kofia inayofaa hukaa sawa juu ya nyusi, haichezi kichwa kinapotikiswa huku ukanda ukiwa umefungwa, na haizuii macho mchezaji anapochuchumaa na kuinua uso kumtazama mrushaji. Jaribio hilo lifanywe akiwa amechuchumaa kweli, kwa kuwa ukingo mrefu usiomsumbua mpigaji aliyesimama unaweza kumficha mlinda wiketi mkono wa mrushaji. Asipoihitaji, aiweke chini moja kwa moja nyuma yake. Mpira ulio mchezoni ukiigusa hapo, timu inayopiga huongezewa mikimbio 5, yaani pointi 5. Kofia iliyopokea pigo zito ibadilishwe hata kama ufa hauonekani, isitobolewe wala kupakwa rangi, na skrubu za kizuizi zikazwe kabla ya kila mechi.