Mafuta kwa mgongo wa chupa

Aliniletea mimi mhariri muswada wa riwaya yake kwenye madaftari matatu makubwa, ameuandika kwa kalamu ya wino, herufi zimenyooka kama wanafunzi mstarini asubuhi. Mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Soma, mwanangu, halafu unieleze ukweli."

Nikasoma. Sura tano za mwanzo zilininyima usingizi. Kisha, karibu na ukurasa wa 90, msimulizi akaacha kusimulia, akaanza kuhutubia, na hotuba ikaenda kurasa 80. Niliona pale pale kwamba riwaya imezama. Nikasahihisha tahajia na vituo, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Kazi nzuri, Mwalimu, hongera." Rasimu ya pili nikafanya vilevile. Nilijiambia kwamba ni heshima, mtu mzima humkatishi tamaa. Kumbe nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mchapishaji alimjibu kwa sentensi mbili, ya pili ikasema katikati pamepooza. Jioni akanipigia simu.

"Mwanangu, hili uliliona?"

"Nililiona, Mwalimu."

Akanyamaza. Nikawa nasikia redio upande wake. "Nimefundisha miaka 34. Nimeandika 'hafifu' kwenye madaftari ya watoto wa watu mpaka kalamu zikaniishia wino. Mimi ulidhani nitavunjika?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa mhariri wa hadithi muda mrefu, na naweza kusema makosa mengi ya lugha niliyoyaacha yapite yalisahihishika toleo la pili. Ile "hongera" haikusahihishika, ilimla mzee mwaka mzima.

Ila kuna wahariri wanaodhani dawa ya woga ni ukali. "Sura hii inachosha" ni kweli, lakini mwandishi aifanyie nini? Hapa ndipo ninapowaonea wivu wenzangu wanaohariri mashairi ya arudhi, yale yanayofuata vina na mizani. Mtu akileta mshororo huu:

Nimekaa barazani, ninangoja barua yako

mhariri hahitaji ujasiri wowote. Anahesabu mizani, yaani silabi: kipande cha kwanza kina 8, cha pili kina 9. Mtunzi naye anahesabu kwa vidole, anacheka, anaandika "nangoja", shairi limekaa sawa. Hakuna aliyemdharau mwenzake, wote wawili wamegombana na namba 9.

Riwaya haina mizani ya kuhesabu, kwa hiyo inabidi nitafute kwenye ukurasa wenyewe kitu cha kunyooshea kidole. Chukua mfano wa mwandishi kijana aliyeniletea hadithi ya mwanamke aliyeachwa. Aliandika: "Moyo wake ulijaa huzuni kubwa isiyo kifani kwa kuondokewa na mumewe." Mistari sita mbele akaandika: "Akapakua wali sahani mbili, akakumbuka, akarudisha mmoja sufuriani." Sikumwambia kwamba sentensi ya kwanza ni mbovu. Nilimwambia kwamba kwenye sufuria nilisimama kusoma nikatazama dirishani, na kwenye huzuni isiyo kifani sikusikia kitu. Akaifuta mwenyewe. Siku hizi maoni yangu mengi yako hivyo: hapa nilicheka, hapa nilirudi nyuma kwa sababu nilipotea, hapa niliweka muswada chini nikaenda kupika. Mwandishi anaweza kubishana na hukumu yangu, lakini hawezi kubisha kwamba nilikwenda kupika.

Na ukweli hautoki upande mmoja. Mwandishi mmoja wa Mombasa alinipa hadithi ambayo bibi ndani yake anasema "ndoo" na "mato", kwa lahaja ya Kimvita. Nami, mtoto wa Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja na kuanza kusimamiwa na kamati ya lugha mwaka 1930, nikapita na kalamu nyekundu: njoo, macho. Majibu yake yalikuwa mstari mmoja: "Dada, bibi yangu hakuzungumza hivi." Nilirudisha kila neno. Lakini kama asingesema, kitabu kingetoka kikiwa na bibi wa Mvita anayeongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kwa hiyo sasa, kabla sijagusa hata nukta, namwomba mwandishi aniandikie vitu ambavyo hataki viguswe. Bei na tarehe tunaviandika hapohapo, maana hivyo navyo vimeharibu urafiki mwingi.

Kuchelewa kusema nako kuna gharama yake. Mmarekani Raymond Carver alikuwa na mhariri, Gordon Lish, aliyemfungulia milango mapema, mtu wa kumshukuru. Lish aliukata mkusanyiko wake mmoja wa hadithi zaidi ya nusu. Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu ya kumsihi asimamishe kazi ile, na ndani yake shukrani na maombi vimesukwa pamoja hata huwezi kuvitenganisha. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata kikiwa kimekatwa, kikamletea sifa. Hadithi zile kama alivyoziandika yeye zilichapishwa 2009, Carver akiwa amefariki miaka 21. Wapo wanaosema Lish alikuwa sahihi, na kuna kurasa ambazo hata mimi ningezikata. Kinachoniuma ni kwamba watu wawili waliofahamiana vile hawakuwa wamekubaliana mapema kisu kinafika wapi.

Jambo dogo la kiutendaji: maoni mazito siandiki kwanza, napiga simu. Pembeni ya ukurasa hata "sijaelewa" inasomeka kama hati ya mashtaka. Baada ya simu ndipo naandika, ili asije akakumbuka mabaya tu.

Mwalimu hakuniacha. Miezi saba baadaye alikuja tena na daftari moja badala ya matatu, zile kurasa 80 zimebaki 22, na hotuba yote amempa kinywani mzee mlevi kilabuni ambaye wenzake wanamkatiza kila mara. Nilicheka mpaka nikafuta macho. Kwenye ukurasa wa 104, pembeni, kwa penseli, alikuwa ameniandikia: "Hapa umechoka? Sema." Nilikuwa nimechoka kidogo. Nikaandika chini yake: "Ndiyo, Mwalimu. Kuanzia 'Ndugu zangu' mpaka mwisho wa aya."

Siku ya pili akanirudishia. Aya ameiacha kama ilivyo, na penseli imeongeza neno moja: "Vumilia."