Bahari sio beseni, nimechoka kurudia

Juzi nimewapa mwaka wa pili data za usawa wa bahari, zile zinazopimwa bandarini, kila mmoja na bandari yake achore grafu. Dakika ishirini hazijaisha kijana aliyepata Stockholm, Sweden, ananiita, "Madam, data yangu imegeuzwa." Kuangalia kwenye laptop, ameshazidisha safu nzima kwa -1 ili mstari wake upande kama wa wenzake! Yeye simlaumu, ila hii dhana kila mwaka wanakuja nayo, kwamba bahari ni beseni, ukiongeza maji upande mmoja yanapanda sawasawa kote.

Sio beseni jamani. Hata sasa hivi uso wake haujalala sawa, kusini ya Sri Lanka, bahari hii hii yetu ya Hindi, jioidi (yaani uso wa bahari ungekaa ukifuata mvutano wa dunia, bila mawimbi wala upepo) iko karibu mita 100 chini ya elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu) kwa sababu mvutano pale ni dhaifu kidogo, na meli inapita nahodha wala hahisi kitu. Maji yanafuata mvutano. Sasa barafu ya Greenland ni kubwa mno, nayo inayavuta maji yaliyoizunguka, ikiyeyuka ule mvutano unapungua na maji yanasogea mbali, kwa hiyo jirani na Greenland bahari inashuka na huku kwetu ndio inapanda. Tunajuaje barafu inapungua? Satelaiti pacha za GRACE, 2002 hadi 2017, zilifuatana zikiachana kama kilomita 220, kazi yao kupima umbali kati yao, maana uzito wa chini ukibadilika na ule umbali unabadilika.

Halafu ardhi nayo haijatulia. Stockholm ilikandamizwa na barafu ya zamani, barafu ikaisha, ardhi inainuka mpaka leo, ndio maana kipimo cha pale kinaonyesha maji yanashuka karibu milimita 4 kwa mwaka. Grand Isle kule Louisiana, Marekani, ardhi inazama, maji yanapanda karibu milimita 9. Grafu zinapingana na zote ziko sahihi. Kabla hujagusa namba uliza kwanza ardhi ya hapo inafanya nini, hili nalisema kila kipindi.

Dhana nyingine nazipitia haraka. Eti barafu inayoelea ikiyeyuka ndio inajaza bahari: weka vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, chora alama, subiri viyeyuke, uone maji hayapandi. Shida ni barafu ya nchi kavu, pamoja na joto linalotanua maji yenyewe.

Eti wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) Zanzibar kujaa na kupwa kunapishana karibu mita 4, hizo milimita 3 bahari inazopanda kwa mwaka utazionaje? Chukua wastani wa mwezi, kujaa na kupwa kunafutana. Na tangu 1993 satelaiti zimeshahesabu zaidi ya sentimita 10 duniani, bamvua inajaa juu ya hizo.

Eti miaka kumi ya data inatosha. Haitoshi, El Niño (lile joto la Pasifiki linalorudi kila baada ya miaka michache) peke yake inaupindisha mstari, nataka angalau miaka hamsini, na kituo chenye data fupi hakitoi hukumu peke yake.

Na ile -99999 kwenye faili maana yake mwezi huo hakuna kipimo, bahari haijakauka, ifuteni kabla hamjachora.