Marehemu Ana Warithi

Jumanne iliyopita mzee mmoja wa Pasua, hapa Moshi, aliingia ofisini kwangu na mkataba wa mauziano wa karatasi moja: mashahidi wawili, dole gumba, mhuri wa mtaa. Kiwanja chenyewe kiko kando ya reli. Nikamuuliza kama aliyemuuzia alimwonyesha jiwe la mpaka wa reli. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, reli ile ilikuwa ya Mjerumani. Mjerumani akaondoka. Akaja Mwingereza, akaondoka. Likaja shirika la Afrika Mashariki, likafa. Marehemu hana kiwanja."

Napima ardhi Moshi na Arusha mwaka wa 19 huu. Maneno hayo nimeyasikia kwa madalali, kwa mwanasheria kijana aliyekuwa amevaa tai nzuri, na kwa watu wenye shahada zao. Mzee nilimjibu kwa adabu. Hapa naandika kwa kirefu, kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, tena mara nyingi msingi ukiwa umeshachimbwa na nondo ziko juani.

Mtu akiniambia reli "ni ya" fulani, namuuliza: ni ya kwake kwa kuijenga, kwa kuimiliki, au kwa kuiendesha? Hao wanaweza kuwa watu watatu tofauti, na kwenye reli yetu mara nyingi wamekuwa tofauti kweli. Aliyejenga alilipwa akaenda zake. Anayeendesha ana mkataba tu. Ardhi iko kwa yule wa katikati, ambaye hakuna anayemkumbuka.

Tumchukue huyo "Mjerumani". Mwaka 1891 iliundwa kampuni kwa ajili ya kujenga reli ya Usambara. Kampuni, si serikali. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, na ilipofika 1896 walikuwa wamefika Muheza, kilomita 40 tu. Fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua njia ile, ikaisukuma mbele yenyewe: Korogwe, kisha Mombo mwaka 1905. Hapo ujenzi na uendeshaji ukawa mikononi mwa kampuni ya Lenz kwa mkataba, huku mali ikibaki ya serikali. Moshi ikafikiwa mwaka 1911, na njia ikafunguliwa rasmi Februari 1912. Ndiyo maana vitabu vinagombana kuhusu miaka hiyo miwili. Mmoja anahesabu siku chuma kilipofika, mwingine siku tiketi zilipoanza kukatwa. Kutoka Tanga ni kilomita 352.

Sasa, kwa nini nakazia kwamba ilikuwa mali ya serikali na si ya kampuni? Kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mali ya serikali na mali ya watu binafsi hazikupita mlango mmoja. Mashamba ya walowezi wa Kijerumani, ya kahawa huku kwetu na ya mkonge kule Tanga, yalishikwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa watu binafsi, wakiwemo Wagiriki. Reli haikuuzwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 120, ulisema mali ya dola ya Ujerumani iliyoko kwenye makoloni yake, inayohamishika na isiyohamishika, inakwenda kwa serikali inayotawala eneo hilo. Kwa hiyo tuta lile la reli pale Pasua halikupata hata siku moja ya kukaa bila mwenyewe. Mjerumani hakuliacha kama mtu anayeacha jembe shambani. Alinyang'anywa kwa maandishi, na maandishi yakamtaja anayepokea.

Na Arusha? Mjerumani hakuwahi kuifikisha reli Arusha. Ni Waingereza walioirefusha kutoka Moshi kilomita 86, wakafika mwaka 1929. Dalali mmoja wa Unga Limited alinitumia picha ya kipande cha reli, ubavuni kimechapwa 1910, akaandika: "Dada, ushahidi huo hapo." Chapa ile inaeleza mwaka chuma kilipotoka kiwandani. Haielezi mwaka kilipolazwa, wala mahali. Reli iliyochakaa kwenye njia kuu hung'olewa ikapelekwa njia ya pembeni ya stesheni, ambako treni hutembea polepole, na pale inaweza kukaa miaka mingine 50. Nimeona kipande cha reli kikiwa nguzo ya geti la shule. Je, shule nayo tuseme imejengwa na Mjerumani?

Kipande kinachonichukua muda zaidi ni kile cha kuvuka mpaka, kutoka Kahe kwenda Taveta hadi Voi, kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Hiki hakikuzaliwa na kampuni wala na mpango wa biashara. Kilizaliwa na vita. Jeshi la Uingereza lilianza kulaza reli kutoka Voi mwaka 1915 ili kupeleka askari, maji na mizinga upande wa Kilimanjaro. Machi 1916 Moshi ikatekwa, na mwaka huohuo njia ile ikaunganishwa na ya Mjerumani pale Kahe. Tangu siku hiyo reli ya kaskazini ilikuwa imeungana na Kenya. Na Dar es Salaam? Bado. Njia ya kutoka Mnyusi kwenda Ruvu, inayoiunganisha reli ya Tanga na reli ya kati, ilifunguliwa mwaka 1963, uhuru umeshapita. Reli ya upande wa Kenya ilifika Kampala mwaka 1931. Hesabu mwenyewe: kwa zaidi ya miaka 30 chuma kilikuwa kimeungana kutoka Moshi hadi Kampala, na kutoka Moshi hadi Dar es Salaam hakikuungana. Mtu akikuambia Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotuunganisha na Kenya kwa reli, mkumbushe Kahe.

Vitabu vinaiita njia hiyo kiungo, na ni kiungo kweli. Mimi naiona pia kama mfereji. Kahawa ya mlimani ikawa na bandari mbili za kuchagua, Tanga na Mombasa, na hadi 1948 bandari hizo zilikuwa na wenye reli wawili tofauti. Kila tani iliyopita Voi ni tani iliyoikosa Tanga. Serikali ya Tanganyika ilikuwa imerithi reli yenye kilomita 352 za kutunza, na pembeni yake mlango ulio wazi unaotoa mzigo nje. Nina mashaka, na nimekuwa nayo muda mrefu, kama kipande kile kingejengwa na mtu yeyote anayetumia fedha zake mwenyewe wakati wa amani.

Mwaka 1948, tarehe 1 Mei, reli ya Tanganyika ikaunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, pamoja na bandari zote. Makao makuu Nairobi. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikawa na shirika lake Dar es Salaam, reli ikabaki peke yake Nairobi. (TAZARA haimo katika ukoo huu. Ni mali ya Tanzania na Zambia, na reli zake zina upana wa milimita 1,067 wakati za kwetu ni 1,000. Tafadhali usiniletee barua ya TAZARA kwa kiwanja cha Moshi. Imeshatokea.)

Kisha 1977. Hapa ndipo kila mtu anapojikwaa.

Ni kweli, shirika lilikufa. Mikoa ya shirika ilikuwa imeshaacha kupeleka fedha Nairobi, Februari mpaka ukafungwa, Jumuiya ikavunjika. Lakini jamani, tuko Uchagani. Ni wapi umewahi kuona babu anakufa na kihamba chake, shamba la ukoo, kikawa hakina mwenyewe? Babu akifa, ukoo unakaa, wanagombana, pengine miaka, na migomba iko palepale. Hakuna jirani anayekuja na panga kusema marehemu hana shamba. Basi na shirika hivyohivyo. Lilikufa, likaacha mali na madeni, na warithi walikuwa watatu. Walikaa kikao kwa miaka. Msuluhishi alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yalisainiwa Arusha Mei 1984, jijini petu hapa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Huo ulikuwa mgawanyo wa thamani. Mali isiyohamishika ilibaki na nchi ilipokuwa, na aliyepata pungufu ya fungu lake akawa na haki ya kufidiwa. Tuta la Pasua halikuwa na pa kwenda. Lilikuwa Tanzania mwaka 1976 na lilikuwa Tanzania mwaka 1978, na mrithi wake, Shirika la Reli Tanzania (TRC), alikuwa ameshaundwa mwaka uleule wa msiba.

Kuna jamaa wa Same anayenipigia kila akitoka safari ya Nairobi. Pale makumbusho ya reli wamehifadhi vichwa viwili vikubwa vya moshi, kimoja kinaitwa Mount Shengena na kingine Mount Gelai. Shengena ni mlima wa kwao Upareni, Gelai ni wa Longido. "Walituibia," ananiambia, na sauti yake ina uchungu wa kweli. Nauelewa uchungu. Lakini vichwa vile ni vya daraja la 59, vilitengenezwa Manchester miaka ya 1950, vyote 34 vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Vilikuwa na zaidi ya tani 250 kila kimoja. Jina la mlima si hati ya umiliki. Kama ingekuwa hivyo, kila duka lenye jina la Kilimanjaro lililoko Dar lingekuwa letu.

Baada ya 1977 naenda haraka. Sheria ya mwaka 2002 ililigawa shirika: miundombinu na ardhi kwa RAHCO, kampuni ya serikali ya kushika mali za reli, na uendeshaji kwa kampuni ya TRL. TRL ilianza Oktoba 2007, kampuni ya RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2011 serikali ikazirudisha hisa zote mikononi mwake. Mwaka 2017 sheria mpya ikaziunganisha RAHCO na TRL, ikarudisha jina la TRC.

Hapa kuna mambo mawili yanayonikera sana. La kwanza ni watu wanaosema "TRL ilishindwa, kwa hiyo eneo liko wazi". TRL alikuwa dereva. Dereva akiacha kazi, gari halibaki bila mwenyewe. La pili ni herufi zenyewe: TRC ya 1985 na TRC ya leo si chombo kimoja kisheria, ingawa jina ni lilelile. Kati yao kuna RAHCO. Ukiniletea barua ya TRC nasoma tarehe kabla ya kusoma jina. Nusu ya barua nilizoonyeshwa ni ruhusa za kulima. Mfanyakazi wa reli aliruhusiwa kupanda mahindi na mchicha kando ya njia, akastaafu, akafariki, watoto wakaikuta barua sandukuni wakadhani ni hati. Ruhusa ya kupanda mchicha hairithishwi kama kihamba, na kwa hakika haiuzwi.

Niseme na yale yanayoninyima usingizi. Ramani za Mjerumani zilipimwa kwa mita, za Mwingereza kwa futi, na nikiziweka juu ya kipimo cha leo cha satelaiti, mpaka unacheza. Mahali pengine mita moja, mahali pengine mbili. Kwenye shamba si kitu. Kwenye chumba cha kulala cha mtu ni ukuta mzima. Naweka kipimo changu, nasaini, na najua kwamba mpimaji mwingine mwaminifu angeweza kusaini tofauti kidogo.

Na kuna Kahe kwenda mpakani. Hakuna treni. Miiba imesimama katikati ya mataruma, na watu wamejenga, wamezaa, wamezika. Kisheria njia iliyolala bado ni njia. Kama ni haki kumwambia bibi wa miaka 80 kwamba amelala ndani ya hifadhi ya reli maisha yake yote, mimi sijashawishika. Ila najua pia kwamba wengi hapa mjini waliamini treni ya abiria imekufa moja kwa moja, na Desemba 2019 ikaingia Moshi ikipiga honi, baada ya zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikaenda Arusha. Kuna vibanda vilivyovunjwa kabla haijapita, na wenye vibanda walikuwa na mikataba kama wa mzee wangu.

Tulikwenda naye kiwanjani Alhamisi. Jiwe la mpaka tulilikuta nyuma ya banda la mbuzi, limezikwa hadi shingoni, juu yake kuna sufuria la pumba. Nikalisafisha kwa mkono mpaka alama ikaonekana. Nikavuta futi kamba kuelekea kwenye kona ya msingi wake. Mzee alishika upande wa pili mwenyewe. Kona mbili za mbele zilikuwa ndani ya hifadhi, moja kwa mita tatu na nusu, nyingine kwa mita nne kasoro. Za nyuma zilikuwa salama.

Akanyamaza. Kisha akaniomba nimwandikie nyuma ya mkataba majina ya wenye reli wote, kwa mpangilio. Nikaandika: kampuni ya 1891, serikali ya Ujerumani, serikali ya Tanganyika, reli ya pamoja ya 1948, shirika la 1969, TRC ya 1977, RAHCO, TRC ya 2017. Akawahesabu kwa kidole, wanane, akakiacha kidole kwenye jina la mwisho.

"Huyu ana mlango wa kugonga?"

Nikamwambia upo, stesheni pale. Akauliza wanafunga saa ngapi, akachukua fimbo yake.

"Nikitoka huko nakwenda kwa aliyeniuzia," akasema. "Nataka anisomee majina haya kwa sauti."