Soma Muhtasari Kwanza: Ardhi ya Mwambao na Madaraka ya Kijiji

Nikiwa kwenye ziara za elimu kwa umma katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, iwe Sengerema, Buchosa, Magu au Ukerewe, swali moja hunifuata kila mahali: "Afisa, hivi mwenyekiti anaruhusiwa kugawa ufukwe?" Anayeuliza huwa ameshaona nguzo za uzio zimesimikwa pale alipokuwa akianika dagaa, au amefika na ng'ombe wake akakuta njia ya kwenda ziwani imefungwa. Inaniuma, kwa sababu swali hilo lingeulizwa miezi mitatu kabla, kazi ya kulijibu ingekuwa nyepesi.

Jibu ni hapana. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, wala halmashauri ya kijiji nzima ikijifungia ofisini haina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mtu aliyeachiwa mali ya yatima: anaitunza na kuigawa kwa utaratibu, lakini si mali yake. Sheria hiyo hiyo inaizuia kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Na Mkutano Mkuu ni wewe, mama mkwe wako, kijana anayevuta nyavu na kila mkazi mwingine wa kijiji aliyetimiza miaka 18.

Wengi huchanganya vyombo hivi viwili, nao wenye nia mbaya hupenda tuendelee kuvichanganya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, na robo yao angalau wawe wanawake. Hao ndio tuliowachagua Novemba 27, 2024, na watakaa miaka mitano. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, naye ndiye katibu wa vikao. Halmashauri hukutana kila mwezi. Mkutano Mkuu unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na huo ndio wenye kauli ya mwisho ndani ya kijiji.

Sasa tuje kwenye karatasi. Makubaliano ya chini ya mwembe yanabaki chini ya mwembe mpaka yaandikwe kwenye muhtasari, yaani kumbukumbu rasmi za kikao. Huko wilayani hakuna aliyesikia mzee wa kitongoji akipinga kwa sauti, wala aliyeona kinamama wakiondoka kwa hasira. Kinachosomwa ni muhtasari: tarehe, ajenda, maazimio, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Nimewahi kushika muhtasari wa kugawa ardhi ambao orodha yake ya mahudhurio ilikuwa ya kikao kingine kabisa, kikao cha mchango wa darasa. Watu walitia sahihi wakijua wanajenga shule, kumbe sahihi zao zilikuwa zinahamisha ufukwe. Kwa hiyo usiweke jina lako kwenye karatasi ambayo juu yake hakuna tarehe na ajenda. Na Mkutano Mkuu unaofuata ukianza, dai muhtasari wa uliopita usomwe wote, kwa sauti, kabla ya kuthibitishwa. Kuna watakaoguna kwamba unawachelewesha. Waache wagune.

Azimio la kugawa ardhi lisiishie kusema "mwekezaji apewe eneo". Liseme ni ekari ngapi, linaanzia mwamba gani hadi mti gani, ni kwa shughuli gani. Hapa kwetu liseme pia njia ya kufika majini inabaki wapi. Kipande cha ufukwe hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja: ndipo mitumbwi inapotia nanga, wanawake wanapoteka maji na kuanika dagaa, na mifugo inaponyweshwa kiangazi malambo yakikauka. Anayekuja kutoka mjini na ramani ya hoteli, au anayetafuta sehemu ya nchi kavu ya kuhudumia vizimba vyake vya samaki, anaona mchanga mtupu. Asipoambiwa kwa maandishi kwamba hapo pana mapito, hawezi kukumbuka baadaye. Simlaumu sana. Jukumu la kusema ni letu.

Yako pia mambo ambayo hata Mkutano Mkuu hauwezi kuyahalalisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wakazi wa mwambao hawahitaji kufafanuliwa sababu, maana mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda likameza nyumba, mashamba na majaruba ya mpunga yaliyokuwa karibu na maji. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, isiyo tena chini ya kijiji, kwa ajili ya mradi, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri wa Ardhi, lakini wanakijiji lazima wasikilizwe kwanza.

Mtu anayetaka kuuza shamba lake mwenyewe lililo chini ya hakimiliki ya kimila naye hapiti kimyakimya. Halmashauri lazima ijulishwe, na hairuhusiwi kubariki mauzo yanayomwondoa mwanamke kwenye ardhi anayoitegemea. Mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi ni batili mbele ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hili nalirudia kila mkutano, na kila mkutano yupo mzee anayetikisa kichwa.

Nina ombi kwa wenyeviti na watendaji, na nalisema kwa heshima. Tazameni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mitumbwi hurudi alfajiri. Mkiitisha Mkutano Mkuu saa tatu asubuhi siku za giza, wavuvi wamelala na kinamama wako kwenye chanja wakigeuza dagaa, kwa sababu dagaa hangoji. Mkutano utajaa watu wasioishi kwa ziwa, nao ndio watakaoamua habari za ziwa. Mkingoja siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, mtapata kijiji kizima. Tangazo nalo lisibaki kwenye ubao wa ofisi tu. Lifike mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, lifike kisimani, lisomwe misikitini na makanisani.

Mwaloni kwenyewe kuna chombo kingine, BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Ndani yake wamo wenye mitumbwi, vibarua wao, wachuuzi na wachakataji. Kinafanya kazi pamoja na serikali ya kijiji, kikiandikisha vyombo na kupambana na zana haramu kama kokoro na timba, pamoja na wanaovua sangara wachanga wasiofika sentimita 50. Ni kazi ngumu na ya hatari, na wanaoifanya kwa uaminifu wanastahili kuungwa mkono. Lakini faini ni ile iliyoandikwa kwenye sheria, au kwenye sheria ndogo ya kijiji iliyopita Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nje ya hapo hakuna faini. Fedha ikitoka mkononi mwako, stakabadhi ya serikali iingie. Vivyo hivyo kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji: wanakamata na kukabidhi kwa polisi, hawapigi mtu wala hawamtozi ng'ombe kwa kosa waliloliamua wao.

Mapato na matumizi yasomwe katika kila Mkutano Mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kama ugomvi ni wa mpaka kati yako na jirani, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Linasuluhisha, halitoi hukumu, na mkishindwana mnaendelea mbele. Lakini kama malalamiko yako ni kwamba ardhi ya kijiji imegawiwa bila Mkutano Mkuu, andika barua. Taja eneo, taja tarehe ya kikao kinachodaiwa kufanyika, omba nakala ya muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio. Ipeleke kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na nakala ya pili, naye aigonge muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe. Akikaa kimya, nakala hiyo yenye muhuri uiambatanishe na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na nyingine kwa mkuu wa wilaya. Mkiwa wengi mlioathirika, andikeni barua moja, kila mmoja atie sahihi mbele ya jina lake na kitongoji chake, na tarehe iwe juu.