Kumhadaa mkimbiaji si boki

Msimu huu wa besiboli nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa baba mmoja aliyesimama mlangoni mwa uzio: "Refa, amemhadaa mkimbiaji, hiyo boki!" Mimi ni mwamuzi wa mechi za sekondari, na boki ni kosa la mrushaji, mwendo usioruhusiwa wakati kuna mkimbiaji besini; adhabu yake ni wakimbiaji kusogea besi moja. Wazazi wenzangu, hasa nyinyi ambao watoto wenu wameukuta mchezo huu hapa Marekani na mnajifunza sheria kwa kutazama ligi kuu ya kulipwa (MLB) kwenye televisheni, naombeni mnisikilize. Mrusho wa kumnasa mkimbiaji, yaani kurusha mpira besini ili atolewe akiwa ameiacha besi yake, ni hila mwanzo hadi mwisho. Mrushaji anayemkazia macho mpigaji huku mpira anaupeleka besi ya kwanza anafanya kazi yake. Kichwa chake akigeuze atakavyo.

Kinachokatazwa ni kuanza jambo na kulikatisha. Mrushaji aliye kwenye kibao, ule ubao mdogo anaoukanyaga anaporusha, akianza mwendo wa kumrushia mpigaji, arushe. Akipiga hatua kuelekea besi ya kwanza, mpira uende. Kuzuga, yaani kujifanya anarusha, kuelekea besi ya kwanza ni boki. Kuelekea ya pili au ya tatu ni halali, ilimradi apige hatua na awepo mkimbiaji wa kurudishwa. Ligi kuu iliifuta ile ya besi ya tatu mwaka 2013, ndiyo maana ikitokea shuleni jukwaa zima linapiga kelele. Sisi tunafuata kitabu cha NFHS, shirikisho la taifa la michezo ya sekondari, na humo bado imo. Halafu kuna ile ya 2023, kwamba jaribio la tatu la kunasa lisipomtoa mkimbiaji ni boki. Hiyo nayo ni ya ligi kuu. Kwetu mrushaji arushe hata mara kumi.

Linalowaumiza watoto wenyewe ni mkao wa waindapu, ule ambao mrushaji anaanza akimkabili mpigaji. Ligi kuu, mrushaji aliye kwenye waindapu anaweza kupiga hatua moja kwa moja na kurusha besi. Sekondari hawezi: kwanza mguu wa kuegemea, ule unaogusa kibao, utoke nyuma ya kibao, ndipo arushe. Kocha asiyelifundisha hilo Machi atalilipia Aprili. Na akishatoka kibaoni amekuwa mchezaji wa kawaida wa ndani, kwa hiyo mpira wake ukipotelea nje ya uwanja wakimbiaji wanapewa besi mbili badala ya moja.

Sasa tufike kwa mrushaji wa mkono wa kushoto, kwani hapo ndipo lawama nyingi zinapotoka. Anauangalia uso wa mkimbiaji, anainua mguu huru (usiogusa kibao), anauning'iniza, na hakuna ajuaye anakwenda wapi. Watu wanaapa kwamba goti likivuka kibao lazima arushe kwa mpigaji. Kitabu hakizungumzii goti. Kinazungumzia unyayo wa mguu huru, na tena mzima: wote upite nyuma ya ukingo wa nyuma wa kibao. Ukishapita, amebakiwa na mpigaji au besi ya pili. Usipopita, besi ya kwanza bado iko wazi kwake, hata goti likifika kifuani. Mabega ni habari nyingine: akishakutanisha mikono kwenye mkao wa seti, ule wa kusimama ubavu kwa mpigaji, akageuza mabega kumchungulia mkimbiaji, ni boki, hata kama hakurusha chochote.

Baada ya hapo tunatazama mguu umetua wapi. Hatua lazima ielekee besi, na waamuzi tunachora akilini mstari wa nyuzi 45 kati ya besi ya kwanza na nyumbani, alipo mpigaji. Andy Pettitte, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Yankees, alijijengea jina kwa kuishi karibu na mstari huo. Hapa nisiwafiche: mechi nyingi za sekondari zina waamuzi wawili tu. Akiwepo mkimbiaji besi ya kwanza, mimi wa besi ninasimama nyuma ya mrushaji, kati yake na besi ya pili. Ninauona mgongo na kisigino. Mguu ukitua kwenye nyuzi 43 au 47, sina uhakika, na simwamini refa anayedai kuwa nao. Mkimbiaji akiwa mbali na besi, ninajikuta na shaka zaidi kuliko akiwa karibu, jambo ambalo halipaswi kuwa na uzito wowote.

Kusimama kabisa kwenye seti kabla ya kurusha kuna utata uleule. Mwaka 1988 ligi kuu ilikazia neno hilo na mrushaji Dave Stewart wa Oakland akaitiwa boki 16 msimu mmoja. Kusimama ni kwa muda gani? Hakuna sekunde zilizoandikwa. Kitabu cha sekondari kinasema tu kwamba kubadili mwelekeo wa mikono hakuhesabiwi kuwa kusimama. Mimi nataka glavu itulie nione imetulia. Mwenzangu anaridhika na kidogo kuliko hicho, na wote wawili tunapangiwa mechi.

Mpira ukimponyoka mkononi akiwa kibaoni na kuanguka, boki. Mpigaji akitoka kwenye boksi, eneo lake la kupigia, na mrushaji akakatisha kwa sababu hiyo, hakuna boki, tunaanza upya.

Na aliyeupiga mpira hadi nje ya uzio baada ya boki kuitwa? Anarudi kupiga. Ligi kuu pigo hilo lingehesabiwa, lakini sekondari mpira hufa papo hapo, wakimbiaji wanasogea besi mojamoja, basi. Siipendi kanuni hiyo, maana inamnyang'anya aliyekosewa. Ijumaa ikitokea nitaiita hivyohivyo.